Nyumba moja ya Huaraz: mkulima wa Peru alivyoshindwa kesi na RWE, na bado RWE ikatoka na doa

Euro 17,000. Hiyo ndo hela iliyokuwa inagombaniwa kati ya Saúl Luciano Lliuya, mkulima na mwongoza wapanda milima wa Huaraz kule Peru, na RWE, kampuni ya umeme ya Ujerumani iliyoanzishwa 1898 na ambayo imechoma makaa ya mawe vizazi na vizazi. Kwa kampuni ya saizi ile hiyo ni hela ya soda za kikao. Wangetoa asubuhi, mchana kila mtu angekuwa kwenye shughuli zake. Hawakutoa. Wakashindana mahakamani kuanzia Novemba 2015 mpaka 28 Mei 2025, karibu miaka kumi, majaji wa Kijerumani wakasafiri mpaka milima ya Andes, maprofesa wakapiga mahesabu ya miamba na mawimbi, na mwishowe mkulima akapigwa chini.

Ila ukikaa na ile hukumu ya mahakama ya rufaa ya Hamm ukaisoma taratibu unaelewa kwa nini RWE waligoma, na unaelewa pia kwa nini watu wa upande wa mkulima waliitangaza kesi waliyoshindwa kama ushindi. Wote wawili wana sababu. Mimi ninachotaka kukiangalia hapa ni kitu kingine kidogo, kwamba mlango wa kisheria uliomwingiza huyu jamaa mahakamani ndo huohuo uliomtoa. Kile kilichoifanya kesi iwezekane ndo kilichoiua.

Tuanze na ziwa, maana bila kulielewa ziwa hutaelewa kitu.

Huaraz ni mji ulioko mita kama 3,000 na kidogo juu ya usawa wa bahari, chini ya safu ya milima ya Cordillera Blanca. Ukifuata bonde la Cojup kupanda, kilomita 20 na ushee, unakutana na ziwa linaitwa Palcacocha, liko kwenye mita 4,500 na zaidi, limekaa miguuni pa milima miwili, Palcaraju na Pucaranra, yote imebeba barafu. Ziwa lenyewe limetengenezwa na hiyo barafu. Barafu ya mlimani ikiwa inashuka inasukuma mawe na udongo mbele yake, ikianza kuyeyuka na kurudi nyuma inaliacha lile tuta pale lilipofika, na maji ya kuyeyuka yanajaa nyuma ya tuta. Hakuna saruji hapo, hakuna injinia aliyepiga hesabu, ni kifusi tu kimeshika maji.

Tarehe 13 Desemba 1941 kifusi kilishindwa. Tuta lilipasuka, maji yakashuka na bonde, njiani yakalizoa ziwa jingine dogo lililokuwa chini yake, Jircacocha, na yote kwa pamoja yakaingia Huaraz yakiwa si maji tena, ni tope na mawe makubwa. Waliokufa hawakupungua 1,800 na wapo wanaotaja idadi kubwa kuliko hiyo. Sehemu kubwa ya mji ilifutika. Kwa watu wa Huaraz hii wameikuta nyumbani, wamesimuliwa na bibi zao, kwa hiyo mtu akikuambia anaogopa ziwa usidhani kaanza kuogopa baada ya kusoma ripoti ya wazungu.

Baada ya 1941 ziwa lilibaki na maji kidogo, kama mita za ujazo nusu milioni. Halafu barafu ikaendelea kurudi nyuma na kuacha nafasi, na kufikia 2009 vipimo vikaonyesha maji yamepita mita za ujazo milioni 17, yaani mara 34 ya yale yaliyokuwa yamebaki. Serikali ya pale ikashtuka. Mwaka 2011 wakaanza kuweka mabomba ya plastiki yanayonyonya maji kutoka ziwani na kuyatoa upande wa pili wa tuta, mabomba ya kawaida kabisa, ukiyaona kwenye picha yamelala juu ya mawe huwezi kuamini ndo yanayoulinda mji mzima. Na kuna walinzi wanaoishi kule juu kwa zamu, kwenye baridi ile, kazi yao ni kuliangalia ziwa usiku na mchana na kupiga redio chini mjini kutoa taarifa. Hatari yenyewe kwa sasa si tuta kupasuka lenyewe tu. Wanachokihofia zaidi ni kipande kikubwa cha barafu au mwamba kuchomoka mlimani na kutumbukia ziwani, wimbi likaruka tuta, na bonde likafanya yaleyale ya 1941.

Sasa Luciano Lliuya ana nyumba Huaraz, kwenye upande ambao ramani za hatari zinauonyesha. Na ndo hapo mambo ya sheria yanapoanza kuwa matamu.

Angemshtaki nani? Serikali ya Peru angeweza, lakini Peru siyo iliyochoma makaa ya mawe ya dunia. Mikataba ya kimataifa ya tabianchi, kuanzia ule wa Rio wa 1992 mpaka Paris 2015, ni makubaliano ya nchi na nchi, hakuna kifungu mle ambacho mkulima anaweza kukishika mkononi akaenda nacho kwa kampuni akasema nilipe. Kwa hiyo mawakili wake, wakiongozwa na Roda Verheyen wa Hamburg, na shirika la Germanwatch likiwa bega kwa bega na mkulima, wakaachana na sheria kubwakubwa wakaenda kwenye sheria ndogo kabisa, ya kizamani, ya majirani. Kifungu cha 1004 cha BGB, ile sheria ya madai ya Ujerumani iliyoanza kutumika 1900.

Kifungu chenyewe kinatumika kwenye ugomvi wa mitaani kila siku. Mwembe wa jirani yako umepitisha mizizi chini ya ukuta wako, ukuta unaanza kupata nyufa, si lazima usubiri ukuta uanguke ndo ukadai fidia, unaweza kwenda mahakamani ukasema huyu mtu mali yake inaisumbua mali yangu, aondoe hiyo kero, na kama kero haijafika ila inakuja, aizuie. Basi. Wakasema RWE ni jirani, moshi wake umepanda angani, umechangia kuipasha dunia, barafu ya Palcaraju imeyeyuka, ziwa limejaa, na nyumba ya mteja wetu iko chini yake. Kwamba kati ya Essen, makao makuu ya RWE, na Huaraz kuna kilomita kama 10,000 na bahari nzima katikati, wakasema sheria haijaandika jirani awe umbali gani.

Na ile 17,000 haikutoka hewani. Kuna mtafiti anaitwa Richard Heede aliyechapisha hesabu mwaka 2014 za kampuni na mashirika 90 makubwa ya mafuta, gesi, makaa na saruji, kila mmoja katoa asilimia ngapi ya gesi joto za viwandani tangu enzi za mapinduzi ya viwanda. RWE ilikaa kwenye asilimia 0.47. Kazi ya kulipunguza ziwa maji na kujenga kinga ya maana ilikadiriwa kama dola milioni 4 hivi. Chukua asilimia 0.47 ya hiyo, unapata kama euro 17,000. Na jamaa hakutaka ziingie mfukoni mwake, alitaka mahakama itamke kwamba RWE inapaswa kuchangia gharama za kinga kwa kiasi cha mchango wake kwenye tatizo. Hii hesabu ndo ilikuwa inawanyima RWE usingizi, maana ukikubali asilimia 0.47 ya ziwa moja umekubali asilimia 0.47 ya kila ziwa, kila kisiwa, kila ukuta wa bahari duniani. Hapo ndo unaelewa kwa nini hawakulipa asubuhi wakaondoka.

Kwenda Ujerumani haikuwa shida. Kanuni za Ulaya kuhusu mahakama zinasema mdaiwa anashtakiwa anakoishi, na RWE inaishi Essen. Na kuna kanuni nyingine ya Ulaya, Rome II ya 2007, kifungu cha 7, inasema kwenye uharibifu wa mazingira aliyeumia anaweza kuchagua sheria ya nchi ambako chanzo cha uharibifu kilitokea. Yaani Mperu anaingia mahakama ya Kijerumani na sheria ya Kijerumani mkononi, na hakuna wa kumwambia rudi kwenu. Watu wengi wanaipita hii pointi kwa sababu inaonekana ya kiufundi, ila bila hiyo hakuna kesi.

Essen walimkataa. Desemba 2016 mahakama ya mkoa ya pale ilisema wachafuzi ni wengi mno, gesi zikishapanda zinachanganyika, huwezi kuchora mstari kutoka bomba la moshi la RWE mpaka Palcacocha, kesi imetupwa. Kwa wengi ilikuwa imeisha. Kumbe Hamm waliiona tofauti. Novemba 2017 jopo la majaji wa rufaa likasema madai haya yanasimama kisheria, kwa hiyo twende kwenye ushahidi. Hii ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya ngazi hiyo kuikubali kesi ya namna hii dhidi ya kampuni binafsi mpaka hatua ya ushahidi, na nadhani hata mawakili wa mkulima wenyewe walikuwa wanajiandaa kushindwa siku ile.

Sasa angalia majaji walivyopanga ushahidi, maana hapa ndo penye ufunguo. Waligawa maswali mafungu mawili. Fungu la kwanza: je, kuna hatari ya kweli, ya karibu, kwa nyumba ya huyu bwana? Fungu la pili: kama ipo, je, gesi za RWE zimechangia, na kwa kiasi gani? Fungu la pili lingefunguliwa tu kama la kwanza limejibiwa ndiyo. Ni utaratibu wa kawaida, majaji hawataki kutumia hela ya maprofesa wa tabianchi kama nyumba yenyewe haina tatizo. Lakini matokeo yake ni kwamba swali ambalo dunia nzima ilikuwa inalisubiri, la kuiunganisha kampuni fulani na barafu fulani, halikuguswa kabisa kwenye ushahidi. Kuna utafiti ulitoka 2021 kwenye jarida la Nature Geoscience uliosema kurudi nyuma kwa barafu ya Palcaraju kumesababishwa na joto la binadamu na kwamba hatari ya mafuriko ya Palcacocha imepanda kwa sababu hiyo. Ulikaa kwenye faili. Hakuna profesa aliyehojiwa juu yake mbele ya majaji.

Fungu la kwanza lenyewe lilichukua miaka. Ilibidi Peru ikubali majaji wa nje waje kukusanya ushahidi kwenye ardhi yake, halafu ikaja korona, na ni Mei 2022 ndo msafara ukafika Huaraz, majaji, mawakili wa pande zote mbili, wataalamu wa mahakama. Wakaikagua nyumba, wakapanda mpaka ziwani. Ebu fikiria jaji wa rufaa wa Westfalia anahema kwenye mita 4,500 anaangalia mabomba ya plastiki kwa sababu ya kesi ya euro 17,000.

Wataalamu wakarudi na majibu, na Machi 2025 yakajadiliwa mahakamani. Jibu la mtaalamu mkuu wa mahakama lilikuwa kwamba uwezekano wa maji ya mafuriko ya ziwa kuifikia nyumba ya Luciano Lliuya ndani ya miaka 30 ijayo ni kama asilimia 1. Na hata yakifika, yatakuwa yamepungua nguvu, kimo cha sentimita chache tu kwenye ile nyumba, kasi ndogo isiyoweza kuutikisa msingi. Upande wa mkulima ulipinga vikali. Wakasema ameangalia zaidi yaliyotokea nyuma, hajaweka vya kutosha kwamba milima inapashwa joto, kwamba miamba ya juu iliyokuwa imeshikwa na barafu kwa ndani inaachia, kwamba maporomoko ya mwamba mkubwa hayafuati takwimu za zamani. Mwishoni mwa Aprili 2025, hukumu ikiwa bado inasubiriwa, ziwa jingine juu ya Huaraz, lile la Vallunaraju, likafurika na tope likaingia mjini. Haikubadilisha kitu kisheria, kesi ilikuwa ya Palcacocha.

Tarehe 28 Mei hukumu ikasomwa. Mahakama ilimfuata mtaalamu wake. Asilimia 1 haitoshi kuitwa hatari ya karibu kwa mali ya mdai. Rufaa imetupwa, gharama juu ya mdai, na ruhusa ya kwenda mahakama ya juu kabisa ya Karlsruhe haikutolewa.

Ungeishia hapo ungesema RWE kashinda tano bila. Lakini majaji hawakuishia hapo, na hii ndo sehemu ambayo RWE hawaipendi. Kabla ya kufika kwenye asilimia 1 walizichukua hoja za kisheria za kampuni moja baada ya nyingine na kuzikataa. Umbali? Si hoja, kifungu hakina mpaka wa kilomita. Kwamba RWE alikuwa na vibali vyote vya serikali na vya mfumo wa Ulaya wa kuuziana haki za kutoa hewa ukaa? Kibali chako hakimlazimishi mtu wa Peru kuvumilia madhara. Kwamba wachafuzi ni wengi? Kila mkubwa abebe sehemu yake. Kwamba basi na kila mwenye gari atashtakiwa? Hapana, mchango wa mtu mmoja ni mdogo kiasi hauna maana kisheria, wa RWE unaonekana kwenye hesabu za dunia. Kwa takwimu mpya mahakama ilifanya kazi na asilimia 0.38. Kwamba nani angejua? Mahakama ikasema tangu katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya aina hiyo ilikuwa na namna ya kujua kwamba hewa ukaa inaipasha dunia. Na kwamba haya ni mambo ya wanasiasa, si ya mahakama? Wakasema haki ya mali ni kazi ya mahakama, siku zote.

Na zaidi: wakasema kama hatari ingethibitika na mchafuzi akagoma moja kwa moja kuzuia, mahakama ingeweza kutamka kwamba atabeba gharama kwa kiasi cha mchango wake hata kabla hela yenyewe haijatumika.

RWE walitoka wakasema jaribio la kutengeneza mfano wa kuigwa limefeli. Kuna wanasheria wanaowaunga mkono, wanasema maneno yote yale ya majaji ni ya pembeni, kesi imeamuliwa kwa asilimia 1, mengine ni mazungumzo. Mimi siikubali hiyo sana. Kama hoja za kisheria zingekuwa za RWE, isingekuwepo sababu ya kwenda Peru, kesi ingefia 2017 palepale. Msimamo wa kisheria ndo uliofungua ushahidi, kwa hiyo umebeba uzito, si mapambo. Lakini pia upande wa pili wasijidanganye. Ujerumani haina mfumo kama wetu tuliourithi kwa Mwingereza ambapo mahakama ya chini inafungwa na ya juu kwa kila kitu. Hamm si Karlsruhe. Jaji wa Stuttgart au Munich kesho anaweza kuisoma hii hukumu, akasema nimeielewa, asante, mimi naamua vingine.

Sasa nirudi kwenye lile la mlango. Sheria ya majirani inalinda mali. Mali ya mtu. Ukiingia kwayo lazima uonyeshe mali yako, yaani nyumba yako, na hatari inapimwa hapohapo ukutani kwako. Mji una watu zaidi ya laki moja, ramani za hatari zinaweka maelfu kwa maelfu ya watu kwenye njia ya maji, lakini wao hawakuwa kwenye kesi. Mahakama haikuulizwa kama Huaraz iko hatarini, iliulizwa kama nyumba moja iko hatarini, na nyumba yenyewe ikawa iko mahali ambapo wimbi kwa mahesabu ya mtaalamu linafika limechoka. Nyumba iliyo karibu zaidi na mto ingepata namba nyingine, na hapo lile fungu la pili pengine lingefunguliwa. Sisemi walichagua mteja vibaya, mdai wa namna hii hapatikani kwa kutangaza nafasi, unahitaji mtu wa kusimama mbele ya kamera na mawakili wa kampuni kwa miaka kumi bila kuyumba na huyu alisimama. Nasema tu sheria ndo ilivyo, inahesabu kuta, haihesabu miji.

Na kuna jambo jingine linalonikera kwenye mantiki hii. Kadiri watu wa Huaraz wanavyojitahidi wenyewe, mabomba yao, walinzi wao na redio zao, kiwango cha maji kikishushwa, ndo hatari kwenye makaratasi inavyopungua na ndo madai dhidi ya mchafuzi yanavyodhoofika. Anayejihami kwa hela yake anaonekana hana shida. Angekaa akasubiri ziwa lifike ukingoni angekuwa na kesi nzuri. Kifungu cha 1004 kilitungwa kwa mizizi na mifereji ya jirani wa karibu ambako tatizo linaonekana kwa macho, huku kwenye tabianchi kinakubana pabaya.

Ukiangalia kesi nyingine za Ulaya za miaka hiyo unaona huu mtindo wa kushindwa nusu si wa Hamm peke yake. Shell kule Uholanzi, mahakama ya The Hague mwaka 2021 iliiamuru ipunguze gesi kwa asilimia 45 kufikia 2030, Novemba 2024 mahakama ya rufaa ikaifuta ile asilimia, lakini ikabakiza kwamba kampuni ina wajibu wa kupunguza. Wale bibi wa Uswisi walioishtaki nchi yao kwa kutofanya vya kutosha kuhusu tabianchi nao, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya Strasbourg tarehe 9 Aprili 2024 iliwatoa nje wadai mmojammoja na kukipokea chama chao, kisha ikasema Uswisi imevunja haki zao. Linganisha na Huaraz: Strasbourg kikundi ndo kimepita na mtu mmoja amekwama, kwa sababu pale ni haki za binadamu na mdaiwa ni nchi. Hamm mtu mmoja tu ndo angeweza kuingia, kikundi kisingepata hata kiti. Mlango ndo unaamua nani anaonekana.

Kwetu Arusha tunalijua hili kwa uchungu wake. Kesi ya bomba la mafuta la kutoka Hoima mpaka Tanga, iliyofunguliwa na mashirika manne Novemba 2020 kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Novemba 2023 ilitupwa bila kugusa mazingira wala watu waliohamishwa, kisa siku 60. Mkataba wa Jumuiya unataka ufungue ndani ya miezi miwili, na majaji wakahesabu kuanzia makubaliano ya 2017. Miezi miwili kwa mradi wa miongo. Ukilinganisha na hapo, mkulima wa Huaraz alisikilizwa sana.

Miezi miwili baada ya Hamm, tarehe 23 Julai 2025, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake yaliyoombwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa msukumo wa Vanuatu. Pale wanaozungumziwa ni nchi, si kampuni, lakini majaji walisema nchi isiyodhibiti kampuni zake, inayoendelea kutoa leseni na ruzuku za mafuta na makaa, inaweza kuwa inavunja sheria ya kimataifa, na kwamba wachafuzi kuwa wengi hakumwokoi mmoja wao. Ni ileile hoja ambayo Essen waliikubali 2016 na Hamm wakaikataa, safari hii imekataliwa The Hague. Maoni hayana nguvu ya kumlazimisha mtu, lakini wakili yeyote wa kampuni anayetaka kusimama na kusema sisi ni tone tu baharini ataombwa ajibu kurasa zile.

Kuna kesi nyingine ambazo ile asilimia 1 haiwezi kuziua kirahisi. Wakazi wanne wa kisiwa cha Pari, Indonesia, walifungua madai yao dhidi ya kampuni ya saruji ya Holcim kule Zug, Uswisi, mwaka 2023, na wanadai pamoja na mengine madhara ambayo maji ya bahari yameshawafanyia. Wakulima wa Sindh, Pakistan, walioharibikiwa mashamba kwenye mafuriko ya 2022, nao wamezigeukia RWE na Heidelberg Materials wakiwa na hasara mkononi, mazao yaliyooza na udongo ulioharibika, vitu vya kuhesabika. Kwa mtu ambaye shamba lake limeshazama hakuna profesa atakayekuja kuuliza uwezekano wa kuzama. Kwa hiyo watalivuka lile fungu la kwanza lililomkwamisha Luciano Lliuya na kutua moja kwa moja kwenye la pili, lile ambalo Hamm halikuwahi kufunguliwa: onyesha kwamba mvua hii, ya mwaka huu, ina mkono wa kampuni hii, na mkono wenyewe una ukubwa gani. Huko sayansi ya mafuriko ya mvua ni ngumu kuliko ya barafu, maana barafu inayeyuka taratibu unaipiga picha kila mwaka, mvua inakuja mara moja ikaondoka. RWE wanalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.